Pikapu Yako Ivute kwa Magurudumu Mawili au Manne?

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa maembe katika Makueni, na ni mwezi wa mvua vilevile. Embe likishaiva halingoji barabara ikauke. Mnunuzi amepiga simu kusema kwamba lori lake litakuwa kwenye lami saa nne asubuhi. Kreti zimejaa chini ya miembe. Mvua imenyesha usiku kucha, na kati ya shamba lako na lami pana kilomita tano za udongo mwekundu. Gari likikwama, mnunuzi atakwenda kununua kwingine, na jasho lako la mwaka mzima litaanza kuoza mbele ya macho yako.

Kwa sababu hiyo wakulima wengi walioweka akiba, au wanaofikiri kuomba mkopo katika chama chao, huuliza swali moja: Je, ninunue pikapu inayovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, au ile inayovuta kwa magurudumu yote manne? Ya kwanza ni ya bei nafuu. Ya pili husifiwa sana, na maandishi yake ya 4x4 ubavuni humpa mwenyewe heshima sokoni.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Usinunue gari kwa kuangalia jirani amenunua nini. Pima kipande cha njia kilicho kibaya kuliko vyote kati ya shamba lako na soko. Kisha hesabu siku ambazo ni lazima ukipite kikiwa kimelowa. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuchagulia gari.

TOFAUTI YAKE NI NINI?

Watu wengi hudhani kwamba pikapu ya magurudumu manne ina nguvu mara mbili. Sivyo. Injini yaweza kuwa ile ile kabisa. Tofauti ni namna nguvu hiyo inavyofika chini. Mtu anayepanda kilima chenye matope kwa miguu miwili huteleza. Akishika chini kwa mikono pia, hupanda. Nguvu zake hazikuongezeka, ila ameshika ardhi mahali pane badala ya pawili.

Katika pikapu ya mawili, nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, halafu kwenye propela, mpaka ekseli ya nyuma. Katikati ya ekseli hiyo pana kifaa ambacho mafundi hukiita difu. Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu ya kushoto na ya kulia yazunguke kwa mwendo usio sawa wakati gari linapokata kona. Hiyo ni kazi njema, lakini ina ubaya wake: gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, mzunguko wote hukimbilia hilo linaloteleza, na lile lililo pakavu husimama tu. Ndiyo maana unaona gari limekwama, gurudumu moja likirusha matope na jingine limetulia.

Pikapu ya manne ina kisanduku cha pili cha gia, na propela nyingine inayokwenda mbele, na difu ya pili katika ekseli ya mbele. Kwenye wenzo au kitufe chake utaona alama tatu. 2H ni magurudumu mawili, kwa barabara nzuri. 4H ni manne, kwa utelezi. 4L ni manne kwa mwendo wa pole na nguvu nyingi, kwa kupanda mlima mkali au kujitoa matopeni. Baadhi ya magari yana pia kufuli ya difu ya nyuma, ambayo hulazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja. Kumbuka kwamba bila kufuli hiyo hata pikapu ya manne yaweza kukwama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure.

Pikapu kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max hutengenezwa kwa namna zote mbili. Toyota Land Cruiser ya pikapu huja na manne tu. Basi usiangalie jina la gari peke yake. Inama uangalie chini yake kama ekseli ya mbele ina difu.

NCHI YAKO IKOJE?

Nchi ya Ukambani si ya namna moja. Kuna mahali pa aina nne, nawe tazama wewe uko wapi.

Kwanza ni vilima vya Mbooni na Kilungu. Huko njia ni za mteremko mkali, na udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Mkulima aliye juu ya kilima, ambaye ni lazima ashuke kila siku, ana haja ya kweli ya pikapu ya manne, hasa kwa ile gia ya 4L ambayo hulizuia gari wakati wa kuteremka.

Pili ni tambarare zenye udongo mweusi. Udongo huu wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama tofali, bali mvua ikinyesha huganda kwenye tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mpira wa kuchezea. Hapo pikapu ya manne husaidia, lakini kwa kiasi tu. Tairi zikishajaa udongo, magurudumu manne laini hayashindi mawili kwa mbali. Tairi zenye meno makubwa ndizo zinazosaidia zaidi.

Tatu ni mito ya mchanga, kama vile Tiva na Thua katika Kitui, na Thwake na Kaiti katika Makueni. Sehemu kubwa ya mwaka huwa hakuna maji juu, ila mchanga mwingi. Mchanga mkavu hulizamisha gari lililobeba mzigo. Mkulima ambaye hana daraja wala drifti ya saruji katika njia yake, yafaa afikiri pikapu ya manne.

Nne ni wale walio karibu na barabara nzuri. Barabara ya Kibwezi, Mutomo mpaka Kitui ilikuwa zamani ya vumbi na matope. Sasa ina lami. Mkulima aliye kilomita moja au mbili kutoka lami kama hiyo, akinunua pikapu ya manne, atakuwa anabeba ekseli ya mbele maisha yake yote ili aitumie siku chache sana.

MAZAO YAKO HUTOKA MWEZI GANI?

Hapa ndipo wakulima wengi wanapokosea. Hufikiri juu ya mvua, lakini hawafikiri juu ya kalenda ya mazao yao.

Mwenye ndengu hupanda mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza, na huvuna mnamo Januari na Februari. Wakati huo njia zimeanza kukauka. Tena ndengu zilizokaushwa vizuri na kuhifadhiwa zisiingie wadudu zaweza kungoja juma zima, au mwezi, bila kuharibika. Mwenye mbaazi zile za kukomaa polepole huvuna katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Mwenye mbuzi aweza kuwapeleka mnadani kwa miguu. Watu hawa watatu hawana haraka ya kupita matopeni.

Mwenye maembe ni mtu mwingine kabisa. Maembe yake huanza kuiva karibu na Novemba na kuendelea mpaka Machi, na katika Novemba na Desemba mvua ndiyo iliyoshika. Hali kadhalika mwenye ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa maziwa hutoka kila siku, mvua na jua. Hawa wawili siku moja ya kukwama ni hasara isiyorudi.

FANYA HESABU KWANZA

Chukua daftari, na kwa msimu mmoja wa mvua andika siku zote ambazo gari la kukodi lilishindwa kufika kwako, na hasara uliyopata kila siku hiyo. Baada ya hapo nenda kwa wauzaji wawili au watatu uulize bei za pikapu za namna zote mbili zilizo na umri mmoja.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tofauti ya bei ni shilingi 600,000, nawe utalitumia gari miaka 10. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Ikiwa daftari lako linaonyesha siku 6 za kukwama kwa mwaka, basi kila siku ya matope unailipia shilingi 10,000. Sasa jiulize: je, siku moja ya kukwama hunipotezea zaidi ya shilingi 10,000? Mwenye kreti mia za maembe atasema ndiyo bila kusita. Mwenye magunia kumi ya ndengu atasema hapana, maana ndengu zake zitauzwa kesho kutwa.

Usisahau mambo mengine. Pikapu ya manne ni nzito zaidi, kwa hiyo hunywa mafuta zaidi hata siku za kiangazi. Mara nyingi uzito huo pia hupunguza mzigo unaoruhusiwa kubeba. Ina difu mbili za kubadilisha oili badala ya moja, na vipuri vingi vya mbele ambavyo vikiharibika fundi wa kijijini huenda asiwe navyo. Kwa upande mwingine, siku ukitaka kuliuza, mara nyingi utapata bei nzuri kuliko mwenye pikapu ya mawili. Andika yote haya katika daftari. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Na liko jambo moja lisilohesabika kwa shilingi. Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa, au mama anayekaribia kujifungua, na hospitali iko mbali, njia ya usiku wa mvua ni jambo la uhai. Familia nyingine itaamua kwa sababu hiyo peke yake, wala haitakuwa imekosea.

MWETHYA NA PUNDA

Kabla hujatoa fedha, tembea njia yako yote kwa miguu mara tu baada ya mvua kubwa. Mara nyingi utakuta kwamba njia ya kilomita tano ina mahali pabaya pawili au patatu tu, kila mahali pana urefu wa hatua hamsini. Je, ununue ekseli ya mbele kwa ajili ya hatua mia na hamsini?

Wazee waliohamia Makueni katika miaka ya 1940 na 1950, pori lilipokuwa likifyekwa kwa sababu ya mbung'o, walikuta nchi isiyo na njia. Mwethya si jambo geni katika Ukambani. Matuta mengi ya kuzuia udongo yalichimbwa hivyo hivyo. Kusanyeni watu wa mwethya siku mbili. Chimbeni mtaro kila upande ili maji yasikae njiani, jazeni mawe mahali pabaya, mwageni changarawe juu yake, na inueni katikati ya njia ili maji yamwagike kando. Ikiwa barabara ni ya kaunti, mwoneni kwanza msimamizi wa wadi. Kazi hiyo itawafaa majirani wote pamoja na boda boda na watoto wa shule, lakini ekseli ya mbele itakufaa wewe peke yako.

Tena usimdharau punda. Punda wanne wakifanya safari chache alfajiri waweza kuvusha kreti mpaka mahali pakavu, na pikapu ya mawili ikangoja hapo. Wakulima wa jirani wakijenga kibanda cha kukusanyia matunda kando ya barabara nzuri, mahali penye kivuli, kila mmoja atapunguza haja ya kupita matopeni na gari.

UKINUNUA YA MAWILI

1. Chagua ile iliyoinuka juu kutoka chini. Pikapu nyingine za mawili zimelala sana, na tumbo lake hugonga mawe.

2. Weka tairi nzuri zenye meno nyuma. Tairi zilizokwisha hukwamisha gari lolote.

3. Pikapu tupu huteleza kuliko yenye mzigo, kwa sababu nyuma hakuna uzito. Wakati wa mvua funga mifuko michache ya udongo juu ya ekseli ya nyuma, na uifunge kwa kamba isije ikarushwa mbele ukifunga breki.

4. Chukua daima sepetu, jembe, jeki na ubao wa kuiwekea, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, na kamba imara ya kuvutia.

5. Ukianza kuteleza, usikanyage mafuta kwa hasira. Utachimba kaburi la tairi. Simama, shuka, chimba mbele ya tairi, weka mawe au matawi, kisha toka polepole.

UKINUNUA YA MANNE

1. Usitumie 4H wala 4L kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, na hukaza propela na meno ya gia mpaka kitu kivunjike. Magari machache yametengenezwa kwa namna nyingine. Soma kitabu cha gari lako.

2. Ingiza 4H kabla ya kufika matopeni, wala usingoje mpaka umekwama.

3. Mara moja kila mwezi, hata katika kiangazi, endesha kwa magurudumu manne kilomita chache kwenye njia ya udongo, ili oili ifike kila mahali na vyuma visigande. Wako watu waliolipia ekseli ya mbele, na siku ya mvua wakakuta haiingii.

4. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi. Gari lisilo na mzigo laweza kushuka mpaka paundi 20 hivi; lenye mzigo lisishuke sana. Nenda polepole, na ujaze upepo tena kabla ya kwenda mbio. Basi uwe na pampu.

5. Magurudumu manne hukusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Kila gari, la mawili na la manne, lina breki katika magurudumu manne. Anayeteremka mbio kwenye utelezi kwa kujivunia 4x4 atalala mtaroni kama mwenzake.

UKINUNUA LILILOTUMIKA

Usikubali maneno matupu. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Tafuta njia ya udongo, ingiza 4H, kisha 4L, na usikilize kama kuna kelele ya kusaga. Hakikisha kwamba linarudi 2H bila kugoma. Ingia chini uone kama oili inavuja kwenye difu ya mbele au kwenye kisanduku cha pili cha gia. Mwombe fundi afungue nati ya oili ya difu: oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Linganisha namba za injini na za chasisi na zile zilizo katika hati ya gari. Tazama tairi zote nne ni za kipimo kimoja, kwa maana tairi zisizolingana huumiza gari la magurudumu manne.

MTO ULIOFURIKA HAUNA RAFIKI

Jambo hili tumeliweka mwisho ili ulikumbuke zaidi.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba waimbaji wa kwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kitui. Mto ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi lilipinduka likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Gari lile lilikuwa kubwa na zito kuliko pikapu yoyote.

Maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 60 tu, yaani karibu na goti la mtu mzima au kupita kidogo, yaweza kuinua na kuchukua magari mengi, pikapu pia. Gari likianza kuelea, magurudumu hayagusi chini, na yakiwa hayagusi chini, mawili au manne ni mamoja. Tena huwezi kujua kama drifti iliyo chini ya maji yale mekundu ingalipo, au imekwisha kukatwa na mto.

Basi mto ukishuka kwa kishindo, simamisha gari mbali na ukingo, ungoje. Mito yetu ya mchanga hujaa upesi, na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Maembe ya siku moja yakioza, miembe itazaa tena mwaka ujao.

Ndugu mkulima, pikapu ni chombo cha shamba kama plau. Hakuna mtu anayefunga ng'ombe wanne mahali ambapo wawili wanatosha, wala anayefunga wawili mahali ambapo wanne wanatakiwa. Msimu huu wa mvua, kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo, vaa viatu vya mpira, chukua daftari lako, na utembee njia yako mpaka kwenye lami.